Linux haioni Wi-Fi: nitumie simu kwa waya, adapta ya USB, au nibadilishe kadi?

mgeni_wa_debian
Habari zenu wadau. Jana nimeweka Debian 12 (toleo mojawapo la Linux) kwenye laptopu. Skrini, sauti na kamera viko sawa, ila Wi-Fi haipo kabisa: hata orodha ya mitandao haitokei. Laptopu haina tundu la waya wa mtandao. Kila maelekezo yanasema "pakua draiva" (programu inayoendesha kifaa), na intaneti ndiyo nisiyo nayo! Nina njia tatu kichwani: adapta ya Wi-Fi ya USB, kadi mpya ya ndani, au simu. Mngechagua ipi?

mzee_wa_terminali
Karibu, ndugu. Usinunue kitu bado. Fungua terminali, andika `lspci -nnk` (huorodhesha vifaa vya ndani) utafute mstari wenye "Network controller". Mwishoni, ndani ya mabano ya mraba, kuna namba mbili zenye nukta pacha katikati. Hizo ndizo zinazoitambulisha kadi yako, maana modeli moja ya laptopu huweza kutoka na chipu tofauti. Andika pia `rfkill list`, inayoonyesha kama Wi-Fi imezimwa. Ukiona "Hard blocked: yes", tafuta swichi au kitufe kilichoizima.

mgeni_wa_debian
rfkill haikuonyesha kitu. Namba ni 14e4:43b1, na chini yake imeandikwa "Kernel driver in use: bcma-pci-bridge". Sasa kama draiva ipo, mbona haifanyi kazi?

mzee_wa_terminali
Hapo wengi hupotea. Hiyo bcma ni daraja tu: imeishika kadi, lakini haileti Wi-Fi. Chipu yako ni BCM4352, na inataka draiva iitwayo `wl`, ambayo haimo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) kwa sababu ya leseni yake. Kwenye Debian imo katika kifurushi `broadcom-sta-dkms`.

waya_kwanza
Basi simu, bila kusita. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, nenda kwenye mipangilio yake uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Kompyuta itaiona kama kadi ya mtandao wa waya, na draiva yake tayari imo kwenye kerneli. Simu ikiwa imeunganishwa na Wi-Fi ya nyumbani, kwa kawaida itapitisha hiyohiyo, kwa hiyo data yako haiguswi. Hakikisha tu waya wako unapitisha data. Nyingine ni za kuchaji tu.

dada_kerneli
Simu ni ya kuvukia. Mimi napendelea adapta ya USB, ila uchague kwa chipu, usichague kwa maandishi ya boksi. Zenye AR9271 au MT7612U zina draiva ndani ya kerneli. Jihadhari na zile zinazokuja na CD ya draiva, au zinazokutaka ujenge draiva mwenyewe: kerneli ikisasishwa, unaweza kubaki bila mtandao tena. Nyingine zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama CD, na bila `usb-modeswitch` hazigeuki kuwa Wi-Fi.

fundi_bisibisi
Dada, hoja hiyohiyo ya kusasishwa inaihusu `wl` pia, nayo hujengwa upya kila kerneli mpya inapokuja. Ndiyo maana mimi ningebadilisha kadi. Intel AX200 hutumia `iwlwifi`, iliyomo kwenye kerneli, na fimwea yake (programu ndogo ya ndani ya kadi) Debian 12 huiweka wakati wa usakinishaji ikiikuta kadi hiyo; ukiibadilisha baadaye, sakinisha kwanza `firmware-iwlwifi`. Usichanganye na AX201: zinafanana kwa umbo, lakini AX201 inahitaji ubao ulioundwa kwa ajili yake. Hakikisha kadi ya sasa ni ya M.2 (ya kuchomeka kwenye tundu), si ya kuunganishwa kwa solda. Tena soma kuhusu modeli yako kwanza, kwani BIOS (programu inayoiwasha mashine) za baadhi ya laptopu hukataa kadi isiyo kwenye orodha yao. Nimewahi kufungua mashine nzima kisha ikagoma kuwaka mpaka nikarudisha kadi ya zamani.

mzee_wa_terminali
Kwa leo, simu. Fungua `/etc/apt/sources.list`, ongeza `contrib non-free` kwenye mistari inayoanza na `deb`. Usidhani `non-free-firmware` inatosha: hiyo ni sehemu nyingine, na draiva hii haimo. Kisha `apt update`, halafu `apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms`. Bila headers (faili za kerneli za kujengea draiva), draiva haitajengwa.

mgeni_wa_debian
Simu imefanya kazi mara moja, nashukuru sana! Draiva imejengwa, lakini `modprobe wl`, amri ya kuiwasha, inasema "Key was rejected by service".

dada_kerneli
Hiyo ni Secure Boot, ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka: inakataa moduli (hapa ni draiva yako) yenye saini isiyoijua. Andika `mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub`, weka nenosiri la muda, washa upya. Skrini ya buluu ikitokea chagua "Enroll MOK" uweke nenosiri lile. Usiipuuze ile skrini, ikipita unaanza upya.

mgeni_wa_debian
Ilinipita mara ya kwanza, nikarudia. Sasa naandika kupitia Wi-Fi ya laptopu yenyewe. Fundi, nimefungua kifuniko: kadi ni ya M.2, imeshikwa na skrubu moja. Sasa naangalia habari za BIOS yangu kabla ya kuagiza AX200.