Maji ya bomba nyuzi 30: mkanda wa HP5 unatoka mweusi na una mabaka, nirekebishe wapi?

mkanda36
Wakuu, habari za leo. Nasafisha HP5 Plus (mkanda wa Ilford wa picha za nyeusi na nyeupe) ya milimita 35 hapa Dar, kwenye tangi la Paterson lisilopitisha mwanga. Divelopa, yaani dawa ya kutoa picha, ni ID-11, nachanganya 1+1 (sehemu moja dawa, moja maji), dakika 13 kama maelezo yanavyosema. Kisha siki ya kuisimamisha divelopa, halafu fiksa ya kuifanya picha isiathiriwe tena na mwanga, Ilford Rapid Fixer 1+4 kwa dakika 3. Maji ni ya bomba jinsi yalivyo. Kipimajoto kinasoma 30. Negativu inatoka nyeusi kiasi kwamba taa haipenyi, ina mabaka kama maziwa, na ikikauka inabaki na viduara vyeupe. Tatizo ni kamera au dawa?

chumba_cha_giza
Mkuu, anza na maandishi ya pembeni mwa mkanda, yale ya jina na namba. Yanapigwa mwanga kiwandani, kamera yako haiyagusi. Yakiwa yamenenepa na kuvuja kingo, dawa imefanya kazi kupita kiasi. Yakiwa safi lakini picha ni nyeusi, basi umepiga kwa mwanga mwingi.

Kwa ulivyoeleza, ni dawa. Zile dakika 13 ni za nyuzi 20. Ukizitumia kwenye nyuzi 30 umesafisha zaidi ya mara mbili ya inavyotakiwa. Fanya kazi kwenye nyuzi 24, dakika 9. Kwa kuwa unachanganya nusu kwa nusu, joto la mchanganyiko ni wastani wa pande mbili: mililita 150 za dawa ya nyuzi 30 na mililita 150 za maji yaliyopozwa hadi 18 zinakupa 24. Pima tena kabla ya kumimina. Tangi likae ndani ya beseni lenye chupa ya barafu, na siki na fiksa ziwe kwenye beseni hilohilo. Ukitoa mkanda kwenye dawa baridi ukautia kwenye fiksa ya moto, gelatini inavimba na kukunjamana, picha inapasuka vipande vidogo kama tope lililokauka. Hilo halirekebishiki.

Pindua tangi mara 4 ndani ya sekunde 10 za mwanzo wa kila dakika, na baada ya kila zamu ligonge chini mapovu yatoke. Anza kumwaga sekunde 10 kabla ya muda kwisha.

picha_za_pwani
Kwani asipunguze muda tu, abaki na nyuzi 30? Umeme ukikatika, barafu ataitoa wapi?

chumba_cha_giza
Kwa 1+1 atabaki na dakika 5 hivi. Hapo kuchelewa nusu dakika kumimina kunaonekana kwenye picha, na anga linatoka na mistari. Siku isiyo na barafu ni afadhali aizimue dawa zaidi: ID-11 1+3 ni dakika 20 kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 27, ambazo maji ya mtungi wa udongo huweza kufika, aanzie dakika 10 na nusu, kisha arekebishe kwa mkanda wa majaribio. Asitumie mkanda wa harusi ya mtu.

fiksa_kwanza
Mabaka ya maziwa ni fiksa iliyochoka, na bado yanaokoka: rudisha mkanda kwenye fiksa mpya, hata mchana kweupe. Kabla ya kila kazi, kata kipande cha ulimi wa mkanda (ile ncha ya mwanzo isiyo na picha), kitie kwenye fiksa, hesabu sekunde mpaka kiwe kiangavu kabisa. Mkanda wenyewe ukae mara mbili ya muda huo. Kipande kikichukua mara mbili ya kilivyochukua fiksa ikiwa mpya, imwage.

Viduara ni chumvi ya maji, hasa kama bomba lenu linalishwa na kisima. Osha hivi: jaza maji, pindua mara 5, mwaga, jaza, mara 10, mwaga, jaza, mara 20, mwaga. Suuza ya mwisho iwe kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri ya gari. Soma chupa vizuri, maana madukani asidi ya betri hukaa rafu hiyohiyo. Tia Ilfotol (dawa ya kufanya maji yateleze yasiache matone) 1+200, loweka dakika moja, tundika bafuni. Usikamue mkanda kwa vidole: kwa joto letu gelatini iko laini na punje moja ya mchanga inachora mstari mrefu fremu zote.

mkanda36
Nimeyaangalia maandishi ya pembeni: yamenenepa, herufi H na P zimeshikana. Ninao mkanda mmoja wa mabaka, naurudisha kwenye fiksa mpya leo.

fiksa_kwanza
Sawa mkuu. Uloweke kwanza dakika 5 kwenye maji ya joto lilelile la fiksa ndipo uutie.