Kiyoyozi cha dirishani hakipozi chumba mchana: je, ni kweli gesi imeisha?

Swali, kutoka Upanga, Dar es Salaam

Ndugu zangu, habari za leo. Ninaomba msaada kuhusu kiyoyozi cha dirishani cha BTU 12,000 kilichomo chumbani kwa mama yangu, ambaye ni mtu mzima sana na joto la msimu huu linamchosha. Tangu Januari, kuanzia saa sita mchana hadi jioni, kinatoa upepo wenye ubaridi hafifu, na baada ya muda kompresa (pampu inayozungusha gesi) inanyamaza kwa mlio mfupi huku feni ikiendelea kuzunguka, kisha dakika kadhaa baadaye inaanza tena kunguruma. Usiku wa manane kinapoza vizuri bila tatizo. Chujio nimeliosha, lakini hali haikubadilika. Kifaa chenyewe kimepachikwa kwenye tundu la ukuta wa tofali, na mgongo wake unatazama magharibi.

Fundi aliyekikagua anasema gesi imeisha, na mwaka jana mwingine alisema hivyohivyo akaijaza. Kabla sijalipa tena, ningependa kujua kama ni kawaida gesi kuisha kila mwaka, na ni mambo gani ninayoweza kuyakagua mwenyewe.

Jibu la kwanza, kutoka kwa fundi wa majokofu na viyoyozi

Mpe mama shikamoo yangu. Gesi ya kiyoyozi haichomwi ikaisha kama petroli ya gari. Inazunguka ileile ndani ya mabomba ya shaba yaliyolehemiwa pande zote. Ikipungua maana yake kuna mahali inavuja, na fundi anayejaza bila kutafuta mahali hapo amekuuzia nafuu ya muda tu. Tena viyoyozi vingi vya dirishani hutoka kiwandani bila valvu ya kujazia, kwa hiyo aliyejaza mwaka jana huenda alitoboa bomba na kubana valvu juu yake, na valvu za namna hiyo mara nyingi huwa ndizo zinazovuja baadaye.

Hata hivyo, dalili ulizozieleza hazinielekezi kwenye gesi. Kiyoyozi chenye gesi pungufu hupoza vibaya usiku na mchana, na ukivua uso wake wa mbele kikiwa kinafanya kazi, mara nyingi utakuta sehemu moja ya koili, yaani mabomba yaliyokunjwakunjwa na kuzungukwa na mapezi membamba ya alumini, ina barafu au umande na sehemu nyingine ni kavu na vuguvugu. Barafu ikitanda koili nzima, kwa kawaida tatizo ni hewa isiyopita, yaani chujio au mapezi yaliyoziba, au feni inayozunguka polepole. Chako kinapoza vizuri nje kukiwa na ubaridi na kinashindwa jua likikipiga mgongoni, kisha kompresa inazimika. Hiyo ni kinga ya joto inayoikata kompresa isiungue, na kwa maoni yangu joto lililotolewa chumbani halipati njia ya kutokea nje.

Nakuomba unifanyie vipimo vitatu. Mchana, baada ya kifaa kufanya kazi kwa robo saa hivi, pima joto la hewa inayoingia na la ile inayotoka: tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi ni nzuri, ingawa kwa unyevu wa pwani yetu itakuwa karibu na 8, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu hutumika kugeuza mvuke wa hewani kuwa maji. Pili, mwombe fundi umeme apime volti kwenye soketi wakati kompresa inanguruma, kwani umeme ukiwa mdogo kompresa hupata joto hata kama kila kitu kingine ni kizima. Tatu, kitazame kutoka nje. Ubavuni kina matundu ya kuvutia hewa, nacho husukuma hewa ya moto kupitia mgongoni, na ukuta mnene wa tofali ukiyaziba matundu hayo hakuna gesi itakayokusaidia.

Jibu la pili, kutoka kwa mkazi wa Nyali, Mombasa

Naongeza jambo moja tu. Huku kwetu upepo wa bahari hujaza chumvi kwenye koili ya nyuma, mapezi ya alumini yakaota unga mweupe na kushikana, na mtu anayeosha chujio la mbele peke yake hawezi kuliona hilo. Mtakapokiosha, chomoeni plagi, kitoeni ukutani, funikeni mota na sehemu za umeme kwa nailoni, kisha pitisheni maji taratibu kutoka upande wa ndani wa koili kuelekea nje. Msitumie mashine ya presha, kwa sababu inayalaza mapezi, wala tindikali, kwa sababu inakula alumini. Maji yawe baridi ya bomba au ya mvua, si ya kisima chenye chumvi. Pia angalieni kama kile kidude cha kuingizia hewa ya nje kimefungwa. Kikiachwa wazi, kifaa hupambana na joto la nje siku nzima.

Muulizaji anarejea

Nawashukuru sana nyote wawili. Hewa iliyoingia ilikuwa nyuzi 31 na iliyotoka 26, na volti hazikushuka chini ya 220. Hakukuwa na barafu popote. Koili ya nyuma ilikuwa imeziba kwa vumbi na chumvi, na matundu ya ubavuni yote yalikuwa ndani ya ukuta. Tumekiosha na kukisogeza nje juu ya fremu ya chuma mpaka matundu yakawa wazi, na sasa tofauti ni nyuzi 9 na mama anapata usingizi wa mchana. Lililobaki ni kwamba kompresa bado huzimika mara chache kwenye saa tisa, na pia maji yanasimama kwenye sinia la chini. Je, nilitoboe?

Jibu la fundi

Usilitoboe. Katika viyoyozi vingi vya aina hii, feni ya nyuma ina pete inayoyachota maji hayo na kuyarusha kwenye koili ya moto, na hivyo kusaidia kuipoza. Hakikisha tu kwamba kifaa kimeinama kidogo kuelekea nje.

Kuhusu kuzimika, sasa ninaishuku kapasita, kidude kinachohifadhi chaji ya umeme na kuisaidia kompresa kuwaka na kuzunguka, kwa sababu ikidhoofika kompresa huvuta umeme mwingi na kupata joto. Usiiguse wewe, kwani hubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Fundi aiondoe chaji kwanza, kisha aipime: iliyoandikwa mikrofaradi 35 ikisoma pungufu ya 33, ibadilishwe. Siku hiyohiyo apake povu la sabuni kwenye valvu ya mwaka jana. Mapovu yakitoka, valvu iondolewe na bomba lilehemiwe upya, mfumo uvutwe hewa yote kwa pampu, ndipo gesi ijazwe kwa mizani, aina na gramu zilezile zilizoandikwa kwenye kibao cha kifaa. Mapovu yasipotoka, na tofauti ya nyuzi 9 ikiendelea kupatikana mchana, asiongeze gesi yoyote.