Dogo kapooza miguu, kuna anayejua haya matibabu ya seli shina?

Mti_Mafinga: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu alidondoka toka juu ya lori la mbao, uti wa mgongo ukaumia, kuanzia kiunoni hana hisia. Kuna kliniki nje wanachoma seli shina (stem cells, zile seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) na jeli mgongoni ati neva zinaunga upya. Aliyewahi naomba mrejesho.

KitongaSitaki: Pole sana mkuu. Shemeji yangu alipata ajali Kitonga, basi lilifeli breki, sisi tukaambiwa tumzike na yuko Makambako anauza viazi hadi leo

Mama_Uyole: Mwanangu maombi kwanza. Mnakimbilia sindano mnamsahau Mungu.

FizioMby: Ajali ya lini? Umeshalipa?

Mti_Mafinga: Ya lini inahusiana nini? Nimeuliza waliowahi kufanya.

FizioMby: Inahusiana sana. Neva ya mkono ikikatika inaota kama milimita moja kwa siku, ila kwenye uti wa mgongo kovu linaziba njia. Ndo maana watafiti wanaweka jeli zipate pa kupitia, kwa panya kuna matokeo, kwa binadamu bado majaribio. Kwa upande wa seli, Chuo cha Keio Japani walianza kupandikiza seli zilizotokana na seli shina Desemba 2021, wagonjwa 4, nafuu ya maana wawili, na wote walikuwa na wiki mbili hadi nne tu toka waumie.

Mti_Mafinga: Ni 2019. Na shamba la paini nimeshauza, nusu ya hela nimeshatuma. Lakini wana video mtu anasimama kabisa! Nyie hamuamki usiku kumgeuza asitoke vidonda.

Mbao_Kavu: Ekari ngapi, paini za miaka mingapi?

Sherlock_Soweto: Wazee subirini. Huyu juzijuzi alikuwa anaulizia bei ya Noah, leo dogo kapooza. Kesho namba ya michango.

Mti_Mafinga: Mchango nimeomba wapi? Noah ni ya kumbebea huyohuyo, kiti chake hakiingii bajaji.

Sherlock_Soweto: Viti vya magurudumu vinakunjwa mzee, hii stori umeitunga

Mti_Mafinga: Cha kwake kachomelea fundi wa Kinyanambo, nondo tupu na tairi za baiskeli, utakikunjia wapi?

FizioMby: Tumuache. Mkuu, kuna dada Mmarekani alipandikizwa seli za puani kwenye mgongo huko Ureno, miaka 8 baadaye wakamtoa uvimbe unaotengeneza kamasi. Waulize jaribio lao limesajiliwa wapi, kwa namba gani.

Mti_Mafinga: Nitawauliza, ila nusu iliyobaki wanaitaka Ijumaa. Wakijibu vizuri natuma.

Mbao_Kavu: Hati umeshamkabidhi mnunuzi au bado unayo?