Msaada wa haraka: picha za harusi zimetoka njano, rangi ya ngozi nairudishaje?

Mpigapicha_Tanga (mleta mada)
Habari za muda huu wakuu. Nimepiga harusi Jumamosi iliyopita hapa Tanga, ndoa asubuhi nyumbani kwa bi harusi, usiku ukumbini. Picha za ukumbini zimetoka njano, nyingine zambarau kwa sababu ya zile taa za disko. Nina Photoshop na Lightroom kwenye laptopu ya RAM 4. Naomba njia ya kuifanya rangi ya ngozi ikae sawa. Albamu inatakiwa Ijumaa, leo Jumatatu, usingizi sipati. Wenye ujuzi tu tafadhali.

FundiTaa
Mkuu, ugonjwa wako hauko kwenye kompyuta, uko kwenye taa. Nunua flashi ya juu ya kamera, usimwelekezee mtu usoni, ielekeze darini. Dari likiwa jeupe mwanga unashuka umetulia kama wa dirishani. Dari likiwa la mbao hapo utapata rangi ya mbao. Mimi tangu ninunue flashi nimesahau mambo ya njano.

MamaWawili
Pole kaka. Mimi harusi yangu ya 2014 mpigapicha alitutoa ukumbini akatuweka mbele ya maporomoko ya maji, pembeni gari refu jeupe. Mwanangu wa kwanza juzi ananiuliza, mama, hapa ni nchi gani? Baba yake kanyamaza, mimi nimenyamaza. Picha pekee tunayoipenda ni ya binamu aliyepiga kwa simu, tunakula wali, mume wangu ana punje kwenye ndevu.

Kelvini
Turudi kwenye swali. Balbu ya njano iko kwenye Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 3000 hivi, mwanga wa mchana ni kama 5500, kwa hiyo kamera ikikosea hapo kila kitu kinakuwa njano. Kwenye Lightroom chukua kile kidude cha kunyonya rangi, gonga kitu unachojua ni cheupe au kijivu, mfano kitambaa cha meza, kisiwe kimeungua kwa mwanga. Usigonge kanzu ya bwana harusi bila kuikagua, kanzu nyingi zina rangi ya maziwa. Ukipata picha moja sawa, nakili marekebisho kwa zote za kona ile ile.
Zambarau ni habari nyingine. Taa ya LED ya zambarau inatoa nyekundu na buluu, kijani karibu hakuna, na rangi ambayo haikufika kwenye kamera huwezi kuirudisha. Hizo zigeuze nyeusi na nyeupe.
Ulipiga RAW (faili ghafi la kamera) au JPEG (lililobanwa)? Na laptopu yako ile hali ya mwanga wa usiku umeizima? Kuna watu wanarekebisha saa 6 usiku kioo chenyewe kikiwa njano, wanahangaika na ugonjwa ambao picha haina.

Mpigapicha_Tanga
JPEG mkuu. Mwanga wa usiku nimezima, asante kwa hilo. Zambarau nimekuelewa. Ila kinachonisumbua zaidi ni uso. Uso ukiwa umepauka unaurudishaje?

Kelvini
Subiri. Ulisema njano. Njano na kupauka ni vitu viwili. Nani kaupausha?

Mpigapicha_Tanga
Nilitumia priseti, yale marekebisho yaliyotengenezwa tayari ya kulainisha na kung'arisha ngozi. Zinatumika na watu wengi, sio mimi peke yangu. Jumapili jioni wifi yake bi harusi, dada wa bwana harusi, alipita ofisini akaniambia "mtoe ang'ae, picha zinaenda kwa watu Muscat." Nikapitisha priseti kwenye picha zote usiku ule ule. Asubuhi nikamtumia bi harusi picha 20 aone. Kapiga simu analia. Kasema mama yake kaangalia kwenye simu akauliza, "Huyu nani?"
Hapo ndipo nilipo. Wateja wengi wanapenda weupe, nikitoa rangi ya kawaida wananiambia picha chafu. Sikufanya kwa ubaya.

DadaMkweli
Kwa hiyo umempaka bi harusi mkorogo wa kompyuta bila kumuuliza. Mwenye uso hakuombwa ruhusa, aliyesikilizwa ni wifi! Msichana kajiremba kwa siku yake, kasingwa, kapakwa hina, kaenda mbele ya watu na rangi aliyozaliwa nayo, halafu wewe usiku unamwambia rangi yako haitoshi. Analia kwa hilo kaka, Kelvini haziingii hapo.

FundiTaa
Ila dada, na wateja nao wanachangia. Mimi nimeshaambiwa nimpunguze mtu tumbo, nimwongezee nywele, nimtoe shemeji kwenye picha ya familia. Usipofanya anaenda ofisi ya jirani.

DadaMkweli
Shemeji mtoe. Ngozi ya mtu iache.

Kelvini
Sawa, lawama zimeshafika. Mleta mada, kazi ni rahisi: fungua picha orijino, anza upya. Lightroom haigusi faili la mwanzo, inaandika maelekezo pembeni tu. Bonyeza kurudisha mwanzo, basi.

Saba_Saba
Hiyo kamera bei gani mkuu? Na mimi nataka kuanza.

MamaWawili
Naona mleta mada yuko mtandaoni ila kimya.

Mpigapicha_Tanga
Sikutumia Lightroom kwa kupitisha priseti. Nilitumia Photoshop, ile ya kuendesha picha zote kwa mpigo, na nikazisevu juu ya zile zile. Orijino hakuna. Nilifikiri zimetoka nzuri, na diski ilikuwa imejaa, ningeziweka wapi? Hata mngekuwa nyie.
Ndiyo maana nauliza kurudisha rangi, sijaomba kuanza upya. Nimeshajaribu kushusha mwanga na kuongeza chungwa, uso unakuwa wa kijivu kama mtu mgonjwa. Nafikiri nikichanganya na picha zake za zamani za Instagram nitapata rangi karibu na yake. Nimeshaanza tatu.

Kelvini
Acha hapo hapo. Usisevu tena chochote.
JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, kutoka 0 ambayo ni giza hadi 255 ambayo ni nyeupe tupu. Ulipong'arisha, sehemu za uso zilizokuwa 200, 215, 230 zote zimegonga 255. Zimekuwa kitu kimoja. Ukizishusha sasa zinashuka pamoja, ndiyo maana unapata bamba la kijivu. Kivuli cha pua, mng'ao wa shavu, vile vinyweleo vya kwenye paji la uso, kompyuta haijui vilikuwa wapi. Na kila ukisevu JPEG upya inakubana tena, unapoteza kidogo zaidi.

ChaiMaziwa
Wakuu, mimi nasema hii chai. Hesabuni na mimi. Uzi umeanza na njano ya ukumbini, sasa ni uso kupauka. Alikuwa na swali la taa, sasa kuna bi harusi analia, wifi, mama anauliza huyu nani. Mwezi wa tatu huyu huyu alikuwa jukwaa la simu akiuliza bei ya vioo, akasema yeye fundi simu. Leo mpigapicha wa harusi. Na uzi wa picha hauna picha hata moja! Anatutafutia machozi.

Saba_Saba
Kweli aisee. Weka picha.

FundiTaa
Nimeanza kuwa na shaka na mimi. Nani anasevu juu ya orijino?

MamaWawili
Wapo FundiTaa. Dada yangu alisevu barua ya kuacha kazi juu ya barua ya posho. Bosi akapata ya kuacha kazi.

Mpigapicha_Tanga
Fundi simu nilikuwa, mpaka mwezi wa sita. Nimeuza vifaa vyote nikanunua kamera hii, Canon ya mkono wa pili. Hii ni harusi yangu ya tatu tu, ndiyo maana sikutaka kusema.
Sura ya mtoto wa watu siwezi kuiweka hapa, nimeshamkosea vya kutosha. Nimeweka mkono wake tu, ile ya asubuhi, ameushika mkono wa mama yake juu ya mkeka. Angalieni wenyewe.

DadaMkweli
Nimeikuza. Mkono wa mama una rangi yake, mishipa inaonekana, pete imeingia kwenye nyama. Mkono wa binti ni kama wa sanamu ya dukani. Piko iko kwenye kucha na vidole tu. Kiganjani na kwenye kifundo, pale kwenye maua membamba ya hina nyekundu, imebaki kama mtu kamwaga chai akafuta. Yule mama wa hina huenda alikaa masaa manne akichora. Umemfuta na yeye.

Mpigapicha_Tanga
Alianza saa 3 usiku wakamaliza saa 8. Nilikuwepo.

MzeeChumbaChaGiza
Nimesoma yote. Nimeshika kamera tangu enzi za filamu, tukisafisha picha wenyewe kwenye chumba cha giza. Kijana asidhani kurekebisha picha kumeanza na kompyuta. Photoshop imetoka 1990, sisi tulikuwa tunachonga penseli ncha kama sindano, tunagusa negativu ya uso kwa kioo cha kukuzia, chunusi moja baada ya nyingine. Ukizidisha, mtu anatoka kama boga. Penseli ilikuchosha mkono, ndiyo maana hukuzidisha. Priseti haikuchoshi.
Na hili la weupe halijaanza na nyie. Kodak walikuwa wanatuma kwenye maabara kadi za kupimia rangi, zinaitwa Shirley, na Shirley alikuwa mwanamke wa Kizungu. Mashine ikimtoa yeye vizuri, kazi imekwisha. Sisi tukisimama karibu na mtu mweupe au ukuta mweupe tunatoka macho na meno. Tulijifunza kumpimia mwanga mtu wetu usoni, sio ukutani, na kumsogeza dirishani. Weusi uliopimiwa mwanga wake hauhitaji kung'arishwa. Una mng'ao wake, uache uonekane.

Kelvini
Shikamoo mzee. Nimeihifadhi hiyo.

Saba_Saba
Mzee hizo negativu za zamani unazo bado? Fungua uzi wake.

ChaiMaziwa
Picha nimeiona. Lakini nina swali moja na jibu lake ndilo litanifanya niamini. Canon hiyo ilikuwa imewekwa JPEG tupu, au RAW pamoja na JPEG? Na memori kadi ziko wapi sasa hivi?

Mpigapicha_Tanga
RAW pamoja na JPEG. Aliyeniuzia aliiweka hivyo, sikubadilisha. Laptopu yangu RAW inafungua kwa dakika nzima, faili moja karibu MB 30, kwa hiyo nakopi JPEG tu. Kadi nilizifomati Jumapili ndani ya kamera. Zote mbili. Basi ndiyo hivyo, hazipo.

ChaiMaziwa
Zipo! Ungesema hili asubuhi tungeshamaliza. Kwa kawaida kufomati ndani ya kamera kunafuta orodha tu, picha zenyewe zinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Labda kama uliweka alama kwenye ile fomati ya kina. Umepiga kitu baada ya hapo?

Mpigapicha_Tanga
Sikuweka alama yoyote. Kadi ya pili, ya ukumbini, nimepigia bethidei ya mtoto jana hiyo hiyo, kama picha 150. Ya kwanza ya hina na ndoa iko kwenye droo.

ChaiMaziwa
Iache droo imefungwa mpaka usome hapa. Usiirudishe kwenye kamera. Kuna programu inaitwa PhotoRec, ya bure kabisa. Sura yake ni maandishi kwenye kioo cheusi, usiogope. Chagua kadi, na sehemu ya kuhifadhi chagua diski nyingine, KAMWE usihifadhi kwenye kadi yenyewe, utajizika mwenyewe. Azima diski ya nje kwa jirani. Majina ya mafaili yatapotea, utapata namba namba. RAW za Canon yako tafuta zinazoishia na cr2.
Na samahani kwa chai.

Kelvini
Ukizipata, hii hapa: RAW ya Canon ina biti 14, yaani ngazi 16,384 badala ya 256. Hapo rangi unaivuta bila kuchanika. Anza na mwanga, halafu nyeupe kwa kitambaa, halafu acha. Chunusi ya siku ile toa, itapona wiki ijayo. Doa la kuzaliwa usiguse.

Mpigapicha_Tanga
Doa lipo. Chini ya jicho la kushoto, na mama yake analo. Priseti ililifuta.

DadaMkweli
Ndiyo maana mama aliuliza huyu nani.

Mpigapicha_Tanga (Jumanne, saa 5 usiku)
Wakuu, umeme ulikatika mara mbili ila imemaliza. Kadi ya kwanza RAW 264, zinafunguka zote nilizojaribu. Kadi ya ukumbini 97 tu nzima, nyingine nusu yake ni kijivu, nyingine bethidei ya mtoto imeingia katikati.
Nimefungua ile ya mkono. Sijagusa kitu. Maua ya kwenye kifundo yapo yote, mpaka pale mama wa hina alipokosea akaficha kwa jani.

Kelvini
Kabla ya kulala nakili sehemu mbili.

Mpigapicha_Tanga
Nimenakili tatu. Kesho asubuhi naenda kwao na laptopu, namuonyesha yeye na mama yake kabla sijarekebisha hata moja. Za ukumbini zilizopotea nitamwambia mwenyewe, na hela ya picha za ukumbini sidai.

DadaMkweli
Wifi akiwepo?

Mpigapicha_Tanga
Ataziona baada ya bi harusi.