Gari la kufagia limeshapita, tiketi ya nini tena? (Bronx, New York)

MtuWaTanga:
Wakuu, nisaidieni. Mtaani kwangu kibao chenye alama ya ufagio kinasema hakuna kupaki Jumanne na Ijumaa, saa mbili na nusu hadi saa nne asubuhi. Leo gari la kufagia lilikuja mapema, nikasogea, likapita, nikarudi palepale. Lami bado imelowa, alama ya brashi inaonekana kando ya ukingo. Nikapanda kunywa chai. Kushuka, bahasha ya rangi ya chungwa iko chini ya waipa: dola 65! Na ng'ambo ya barabara watu wamepaki dabo, yaani gari kando ya gari lililo ukingoni, mstari mzima, hakuna aliyeguswa. Nipinge? Picha ya lami iliyolowa ninayo.

DerevaWaUsiku:
Pole, ndugu yangu. Hiyo picha usiitume, utajifunga mwenyewe. Hapa New York kinachotazamwa ni saa za kwenye kibao. Ufagio upite mara ngapi sijui, saa nne haijatimia hapo hapapakiwi. Wengi tunarudi na kukaa kwenye usukani mpaka muda uishe, ila hiyo nayo ni bahati yako na askari wa siku hiyo. Lipa ndani ya siku 30, zikipita wanaongeza. Wakati wa korona mitaa ya makazi ilifagiwa mara moja tu kwa wiki kila upande, tukadeka. Julai 2022 wakarudisha ya zamani.

MamaNasra:
Na hao wa dabo wasikutie tamaa, mwanangu. Sheria inakataza hata saa za kufagia, na faini yake inaizidi hiyo yako. Ni mazoea tu ya mtaa. Mwenye adabu huacha namba ya simu kwenye kioo. Kwetu juzi mtu kafungiwa na gari la dabo hawezi kutoka, honi nusu saa, anachelewa kazini, mwenye hilo la dabo yuko juu anaoga.

Kipanga_BX:
Na sikukuu ya Idd?

DerevaWaUsiku:
Idd zote mbili kufagia kunasimama. Mita za kulipia maegesho hazisimami, weka hela. Ukiwa na wasiwasi piga 311, namba ya huduma za jiji.

MtuWaTanga:
Haya, nalipa. Mama Nasra, huyo wa kuoga alishuka hivyohivyo?

MamaNasra:
Na taulo kichwani, baba. Tena kanuna yeye!