Kutangaza kriketi kwa Kiswahili hapa Mombasa: mtu aanzie wapi?

Kijana_wa_Tudor

Assalaam aleikum waungwana. Natangaza mechi za mpira wa miguu za mtaani, na sasa klabu moja imeniomba niwatangazie mechi zao za kriketi za ova 20 kwenye mtandao, kwa Kiswahili. Sheria za mchezo nazijua. Naomba anayeifahamu kazi yenyewe anieleze: kati ya mpira mmoja na mwingine mtu aseme nini? Maneno ya Kiswahili yapi yanakubali hewani? Vifaa vipi ni vya lazima? Na nimeambiwa asiyewahi kuichezea timu kubwa hana nafasi katika kazi hii. Ni kweli?

Daftari_la_Alama

Waaleikum salaam. Kabla ya maikrofoni, tafuta kiti karibu na waandika alama. Mechi ya ova 20 kila upande, ova moja ikiwa mipira halali sita, ina mipira halali 240, na wowote kati yake unaweza kubadili hesabu. Vilabuni ubao mara nyingi hugeuzwa kwa mkono, wakati mwingine hadi ova iishe. Ukiutegemea utakuwa nyuma ya mchezo mpaka jioni. Weka daftari lako: nukta kwa mpira mkavu (usiotoa mbio), tarakimu kwa mbio, yaani alama za timu, W kwa wiketi (mpigaji kutolewa), alama zako mwenyewe kwa mpira mpana na noboli (mrusho batili). Kila ova ikimalizika, linganisha na meza ya waandika alama.

Kosa linalowaangusha wengi ni ile nukta ya ova. 11.4 ni ova 11 na mipira 4, yaani mipira 70. Si desimali. Timu ikiwa na mbio 84 hapo, kasi yake ni 84 gawanya kwa 70, zidisha kwa 6: mbio 7.2 kwa ova. Ukigawanya 84 kwa 11.4 kwenye simu utapata karibu 7.4, na msikilizaji anayejua hesabu atakudharau papo hapo. Ikiwa lengo ni 150, usiseme tu kasi inayohitajika. Sema "zatakiwa mbio 66, mipira imebaki 50". Hilo hata mama anayepika jikoni analishika.

Ova isiyotoa mbio, maideni, nayo ina mtego. Mpira mpana na noboli huandikwa kwa mrushaji, kwa hivyo huivunja. Bai na legi-bai, mbio zinazopatikana bila gongo kugusa mpira, haziandikwi kwake, kwa hivyo ova inaweza kuongeza mbio nne za bai ubaoni na bado ikabaki maideni.

Kuhusu matokeo, tangaza mbio na wiketi kila zinapobadilika, na hesabu kamili pamoja na majina ya wapigaji wawili kila mwisho wa ova. Mtu hufungua redio katikati ya mechi, hajui lolote. Asisubiri zaidi ya dakika tatu.

Binti_Kizingo

Kaka, kwenye maneno ndipo penye kazi, na hapo usiende haraka.

Neno "wiketi" peke yake lina maana tatu: vijiti, njia ya kuchezea, na mtu kutolewa. Hewani ligawe. Vile vitatu viite vijiti. Ile njia ya mita 20 na kidogo iite pichi. "Wiketi" libakishe kwa mtu kutoka tu. "Mbio" ni bora kuliko "mikimbio" ya magazetini kwa sababu ni fupi, na utalitamka mara mia tatu kwa mechi. "Mrushaji" limeshazoeleka, lakini mdakaji naye hurusha mpira akiwa mpakani. Basi kwake sema "anaurudisha", ili msikilizaji asichanganyikiwe.

Majina ya nafasi uwanjani: slipi, kava, midoni, midwiketi yanapita bila taabu. "Pointi" inaleta tabu, mtu anadhani ni pointi za ligi. Na "ofu saidi" usiitumie kabisa kwa watu waliolelewa na soka. Sema upande wa gongo na upande wa miguu, na kumbuka zinageuka akiingia mpigaji wa mkono wa kushoto. Njia salama zaidi kwa redio ni kuupa uwanja alama zinazoonekana: "umekwenda upande wa jukwaa", "umepita kuelekea miembeni". Zitaje mwanzoni, zirudie kila baada ya ova chache.

Sasa swali lako la kati ya mipira. Ule mwendo wa soka waliotukuza nao akina Leonard Mambo Mbotela, ambaye ni mzaliwa wa hapa hapa Mombasa, jina kwa jina bila kupumua, hauwezi kubeba kriketi. Mpira uko hai sekunde chache tu, kisha kuna nusu dakika ya mrushaji kurudi pale anapoanzia kukimbia. Mpira ukiwa hai fuata mpangilio mmoja: nani anakuja na kutoka upande upi, umedunda wapi, mpigaji kafanya nini, umekwenda wapi, mbio ngapi. Sentensi fupi, wakati uliopo. Ile nusu dakika ndiyo ya uchambuzi: nahodha kasogeza nani, kwa nini mdakaji wa mguuni kaletwa karibu. Mwenzako mchambuzi azungumze hapo, na anyamaze mrushaji anapogeuka. Hilo mkubaliane kwa ishara ya mkono kabla ya mechi.

Na ikiwa kuna picha, punguza maneno kwa nusu. Mtazamaji ameona mpira ukivuka mpaka. Mwambie asichokiona.

Fundi_wa_Sauti_Ganjoni

Upande wa vifaa, kwa sauti pekee: hedifoni mbili zenye maikrofoni mbele ya mdomo, mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ndogo ya njia nne, maikrofoni moja ya uwanja, laptopu, na laini mbili za simu za mitandao tofauti. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban megabaiti 29 kwa saa, kwa hivyo mechi ya saa tatu na nusu ni kama 100. Picha ya megabiti 2.5 hula zaidi ya gigabaiti moja kwa saa. Anza na sauti.

Meza iwekwe nyuma ya mrushaji, kwenye mstari mmoja na pichi, juu kidogo. Ukikaa ubavuni huwezi kuona mpira umepinda vipi, na kila ombi la mguu mbele ya vijiti (mpigaji kuzuia kwa mguu mpira uliokuwa ukienda vijitini) utakuwa unabahatisha. Chukua na darubini ya 8x42.

Adui wetu hapa pwani ni upepo na chumvi. Kusi ikivuma, sponji nyembamba ya maikrofoni haitoshi. Ile ya uwanja ivishe kifuniko cha manyoya, iweke chini karibu na kamba ya mpaka, na ukate sauti zote nzito chini ya hezi 100 kwenye mikisa. Plagi zifute kwa kitambaa kikavu baada ya kila mechi, na vifaa vilale kwenye sanduku lenye pakiti za kunyonya unyevu. Plagi iliyoliwa na chumvi huanza kukwaruza ukiigusa, na hilo hutokea siku ya fainali.

Kiwango cha kawaida cha sauti kiweke karibu na desibeli -18, kilele kisipite -6. Wiketi ikianguka utapiga kelele, hiyo lazima, basi acha nafasi hiyo tangu mwanzo. Na usitangaze ukitazama matangazo yenu wenyewe kwenye simu: yako nyuma sekunde 20 au zaidi. Tazama uwanja.

Kijana_wa_Tudor

Nashukuru sana. Wachezaji wa klabu wengi wanavaa nyeupe bila namba. Nawatambua vipi? Na lile la kazi yenyewe, bado hamjanijibu.

Mzee_wa_Mpakani

Mwanangu, fika saa moja kabla ya kurusha sarafu. Chukua orodha ya wachezaji kwa nahodha, siyo kwa shabiki, na mwombe akutamkie kila jina. Timu zetu zina majina ya Kigujarati, Kipunjabi, Kijaluo, Kiluhya, na kulitamka jina la mtu vibaya siku nzima ni kumkosea adabu. Yaandike unavyoyasikia. Wakipasha misuli, andika kando ya kila jina: mkono upi, kofia gani, mikono ya shati imekunjwa au la.

Sasa kazi. Aliyekwambia lazima uwe umeichezea timu kubwa hakukwambia ukweli. Harsha Bhogle, ambaye sauti yake inajulikana kila nchi inayocheza kriketi, hakuichezea India hata mechi moja. Alianza kijana kabisa kwenye redio ya taifa, Hyderabad. Waliocheza hupewa zaidi kiti cha mchambuzi. Kiti cha mtangazaji ni cha anayeweza kuhesabu, kuona na kusema kwa wakati mmoja.

Ila kwa kriketi pekee hapa Kenya hutajilisha. Kenya ilipoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja mwaka 2014, na siku kama zile za 2007, Uskoti na Kanada zilipokuja kucheza Mombasa Sports Club, zimekuwa adimu. Upande wa pili, tangu 2019 mechi za ova 20 kati ya timu za taifa za wanachama wote wa ICC, Baraza la Kimataifa la Kriketi, zina hadhi ya kimataifa, na mechi nyingi za namna hiyo hurushwa mtandaoni. Hapo ndipo penye mlango. Shika pia soka, hoki na habari za michezo redioni, omba kitambulisho cha Baraza la Vyombo vya Habari, na malipo yaandikwe kwa siku ya kazi, si kwa mechi. Mvua ya Aprili ikifuta mechi, wewe ulifika.

Mazoezi: tafuta picha za Aasif Karim, mtoto wa Mombasa, akiwarushia Australia pale Durban tarehe 15 Machi 2003. Ova 8 na mipira 2, maideni 6, mbio 7, wiketi 3, Ponting akiwa mmoja wao. Zima sauti, tangaza, jirekodi. Mipira 50 ambayo karibu yote haitoi mbio. Ukiweza kumfanya msikilizaji aone kwa nini wapigaji wale walishindwa kumpiga, bila kurudia neno "mkavu" mara arobaini, umeiva. Kisha sikiliza rekodi ukihesabu mara ulizosema "ametoka!" kabla ya mwamuzi kuinua kidole. Hiyo namba ifike sifuri kabla hujakaa kwenye meza ya klabu.

Daftari_la_Alama

Naongeza moja tu juu ya la mzee. Mtu usiyemjua atakuja mezani au atapiga simu akitaka umtumie matokeo kila mpira, haraka kuliko matangazo, na atatoa pesa. Huyo anacheza kamari kwa zile sekunde 20 alizozitaja Fundi. Mkatae, na mwambie msimamizi wa mechi siku hiyo hiyo.