Kimondo kikubwa upande wa ziwa, Kigoma: naripoti wapi?

KibiriziJuu
Wakuu, jana saa 2:14 usiku kimondo kikali kimepita upande wa ziwa kuelekea Kongo. Kijani, kikaishia rangi ya chungwa na kumeguka vipande. Kama sekunde 5. Kilizimika juu kidogo ya milima ya ng'ambo. Mwaloni wanasema kimetumbukia ziwani. Naripoti wapi, na niandike nini?

NyuziTisini
Fomu ni ya bure, ipo kwenye tovuti ya International Meteor Organization. Ila usiijaze ukiwa kitandani. Rudi pale pale uliposimama.

Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wake ni kama nyuzi 10. Panga ngumi juu ya ngumi kuanzia usawa wa maji (si kilele cha mlima) hadi kilipoanza, kisha hadi kilipozimika. Ukikisia tu utapandisha mno. Wengi wakisema nyuzi 45 ukipima unakuta 30.

Mwelekeo chukua kwa dira ya simu. Ichezeshe kwanza kwa umbo la namba nane, na ukae mbali na bati, nondo na pikipiki, la sivyo itakudanganya. Magharibi ni 270. Dira ikikataa, kumbuka kilipita juu ya mti au mnara gani, ukapime kwenye ramani ya setilaiti.

Mng'ao ulinganishe na Zuhura au mwezi mpevu. "Kikali sana" si kipimo.

Mshale_UTC
Hapo kwenye saa uwe makini. Saa 2:14 usiku kwenye fomu ni 20:14, yaani 17:14 kwa UTC (saa ya kimataifa). Ukiandika 02:14 ripoti yako haitaungana na ya mtu wa Kasulu au Uvinza, na bila watu wa sehemu mbalimbali njia ya kimondo haipatikani. Halafu huko kwenu simu ikidaka mtandao wa Burundi au Kongo, saa inarudi nyuma saa moja. Hakikisha.

La kutumbukia ziwani waachie wenyewe. Tuseme kilizimika kikiwa kilomita 30 juu, nawe ulikiona nyuzi 10 tu: hapo kiko kama kilomita 170 kutoka kwako. Ziwa lenyewe upana wake ni kama kilomita 50.

KibiriziJuu
Nimeelewa. Jirani anasema alisikia mlio kama wa kukaanga, kikiwa bado kinapita. Niuweke?

NyuziTisini
Hapana, yeye ajaze ripoti yake. Mkichanganya, ushahidi wa watu wawili unakuwa wa mmoja. Fomu inatenganisha sauti iliyosikika papo hapo na kishindo kilichochelewa. Kishindo husafiri kilomita moja kwa sekunde 3 hivi, kwa hiyo kwa umbali huo kingewafikia baada ya dakika 8 au zaidi, kama kingefika. Mlio wa papo hapo umeripotiwa sehemu nyingi, aandike tu alivyousikia.

Mshale_UTC
Na leo hii pitia maduka ya Mwanga yenye kamera zinazoelekea magharibi, kabla mashine haijafuta kwa kurekodi juu yake. Saa za kamera hizo mara nyingi haziko sawa: piga picha kioo chake pamoja na simu yenye saa sahihi, tofauti ijulikane. Video usiitume WhatsApp kama video, inabanwa na vipande vidogo vinapotea. Itume kama faili.